Jino langu la skrubu: nilihangaikia chuma cha chini, nusura wanipige kwa juu

Nimekaa na hili jino la kupandikizwa miezi 7 sasa so naweza kuliongelea. Kwanza mjue mimi na chuma cha nikeli hatupikiki chungu kimoja, hereni za soko la Owino nikivaa siku 2 tu masikio yanatoa maji, hata kifungo cha jinzi kinaniachia upele chini ya kitovu. Sasa miaka ya nyuma kliniki moja hapa Kampala ilinivika kofia ya jino, juu nyeupe ndani chuma, na ufizi ukawa mwekundu tangu siku hiyo, kila nikilalamika naambiwa nyabo hupigi mswaki vizuri. Mswaki gani huo jamani, mara 3 kwa siku!

Kumbe kofia ilikuwa ya nikeli na kromiamu, ni ya bei rahisi ndo maana wanaipenda. Daktari mwingine akaitoa, wiki chache ufizi ukatulia, ila jino lenyewe lilikuwa limeoza ndani likang'olewa, ndo akaniambia habari ya kupandikiza skrubu ya titani kwenye taya.

Nikamuuliza maswali mpaka akacheka. Titani ikigusa hewa tu inajifunika oksidi nyembamba sana, nanomita chache, hiyo ndo inazuia chuma kisiliwe na mate, na ukiikwaruza inajifunika tena yenyewe. Mfupa nao unaikubali, unaota unaishika kabisa. Msweden mmoja Brånemark alikutana na hayo miaka ya 1950 kwa sungura, alitaka kutoa kifaa chake cha titani kwenye mfupa kikagoma, 1965 ndo akamwekea binadamu. Ila titani nayo si moja, gredi 4 ni karibu titani tupu, gredi 5 imechanganywa aluminiamu asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4 iwe ngumu zaidi. Watu kibao wana hiyo ya 5 na wako sawa, lakini mimi na ngozi yangu hii nikasema nipe 4, na boksi nilione kabla hujafungua. Akanionyesha, stika akaibandika kwenye faili langu.

Kuchimba hakuumi, sindano inafanya kazi, kilichouma ni pesa. Halafu miezi 4 unangoja mfupa ushike, huku unatafuna matoke upande mmoja kama mbuzi mzee.

Sasa siku ya kuvikwa kofia nauliza tu kwa mazoea hii ndani ina nini, nesi anapiga simu maabara, jibu: nikeli kromiamu. Yaani tumechagua skrubu kwa makini hivyo halafu juu mnanirudishia kilekile! Nikagoma, wakanitengenezea ya zirkonia, ni kama kauri ngumu, haina chuma kabisa ndani, nikaongeza hela na kungoja wiki 2 zingine.

Daktari nampa 5, kliniki 3. Ufizi ni pinki, nyama choma natafuna. Hereni bado sivai.