Bei za "vilivyouzwa" eBay kwa treni za modeli: zinamfaaje mnunuzi wa Dar?

Kwa anayenunua treni za modeli hapa Dar es Salaam, kipimo cha bei ninachokitegemea ni orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa kwenye eBay ya Uingereza. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano naizuia kwa sababu inakupa bei ya Uingereza, wakati kichwa cha treni unachokipigia bei kipo Upanga, kimelala kabatini miaka kwenye joto na unyevu, na mwenye nacho hana pengine pa kukipeleka. Tofauti hiyo lazima uikokotoe mwenyewe.

Kwanza namna ya kutafuta, maana wengi huharibu hapa. Usitafute kwa jina. Ukiandika "Flying Scotsman" utaletewa mchanganyiko usiokusaidia kitu, kwa kuwa Hornby, kiwanda cha treni za modeli cha Uingereza, wamekitoa kichwa hicho mara nyingi tangu R855 ya mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuna vyenye mota ndani ya kichwa chenyewe, kuna vyenye mota kwenye tenda, lile behewa dogo la makaa, kuna vya kundi la bei nafuu la RailRoad, na kuna vya karibuni vyenye soketi ya dikoda, kile kifaa cha kuendeshea treni kidijitali. Jina ni moja, bei zimeachana kabisa.

Tafuta kwa namba ya katalogi. Kwa Hornby ni herufi R na tarakimu tatu hadi tano, imebandikwa ubavuni mwa boksi. Kwa Märklin, kiwanda cha Ujerumani, ni tarakimu tupu, nne au tano. Namba iliyochorwa ubavuni mwa kichwa si namba ya bidhaa: 4472 na 60103 ni namba za injini halisi ya Flying Scotsman katika vipindi tofauti vya maisha yake. Nimeona matangazo mengi ya hapa mjini ambapo muuzaji anaandika "modeli namba 4472" akidhani amemaliza kazi. Mwombe picha ya ubavu wa boksi. Kama boksi halipo, omba picha ya chini ya kichwa, kwenye mota na magurudumu, kisha ulinganishe na picha za matoleo mbalimbali.

Ukishapata namba, weka kichujio cha vilivyouzwa. Kinarudi nyuma takribani siku 90. Bei zilizopigwa mstari katikati zitupe, maana hapo muuzaji alikubali ofa ya chini na kiasi alicholipwa hakionyeshwi. Ongeza gharama ya usafirishaji kwenye kila bei, kwa sababu wapo wanaoishusha bei na kuificha kwenye posta. Kisha panga namba kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati, usichukue wastani. Tuseme umepata pauni 60, 64, 68, 71, 72, 75 na 140. Wastani ni karibu 79, ya katikati ni 71. Ile ya 140 huenda ilikuwa mpya haijafunguliwa, au wawili walishindana mnadani usiku wa manane. Kitu kilicholetwa hapa kwenye mfuko wa nailoni hakipimwi kwa bei hiyo.

Kwa vitu adimu, ambapo siku 90 zinatoa mauzo mawili au hakuna kabisa, orodha hii inakwama. Hapo naenda kwenye matokeo ya nyumba za mnada za vitu vya kuchezea, kama Vectis ya Uingereza, nikikumbuka kwamba bei ya nyundo, ile ya mwisho kutajwa mnadani, kwa kawaida si pesa yote iliyolipwa. Ada ya mnunuzi huja juu yake. Zamani wengi wetu tulikuwa tukichungulia pia bei za Hattons, duka la treni za modeli la Uingereza, kwa vitu vilivyotumika, lakini lilifunga biashara 2024. Bado utakutana na muuzaji anayekuonyesha picha ya skrini ya Hattons kama ushahidi. Angalia tarehe.

Sasa sehemu inayokula pesa za watu: hali ya kitu chenyewe.

Cha kwanza kukagua ni chasi. Vichwa vingi vina chasi au uzito wa aloi ya zinki, na aloi hiyo ikichafuliwa na risasi wakati wa kuyeyushwa, huoza kutoka ndani. Joto na unyevunyevu huharakisha, na vyote viwili Dar vipo mwaka mzima. Dalili zake ni nyufa nyembamba kama unywele, rangi inayovimba kama lengelenge, kingo zinazomomonyoka ukizigusa kwa ukucha, au chasi iliyopinda mpaka bodi haikai vizuri. Ugonjwa huu unajulikana kwa Hornby za kabla ya Vita ya Pili, lakini umeonekana pia kwenye baadhi ya modeli zilizotengenezwa China miaka ya 2000, kwa hiyo usidanganywe na upya wa rangi. Weka kichwa juu ya kioo cha meza na ukitazame kwa ubavu: magurudumu yote yenye ukingo yaguse, na bodi iwe sambamba na kioo. Kama kati kumeinuka, kiache. Hakuna dawa. Kichwa cha namna hiyo nakihesabu kwa bei ya vipuri tu: mota, magurudumu na bodi kama imesalimika.

Halafu mota. Kwa treni za reli mbili za volti 12 DC, ambazo ndizo Hornby za kawaida, beba betri ya mraba ya volti 9 na nyaya mbili fupi. Gusa waya mmoja kwenye magurudumu ya kulia, mwingine kwenye ya kushoto. Hapa kuna mtego. Hornby zenye mota kwenye tenda huchukua umeme wa upande mmoja kupitia magurudumu ya kichwa na wa upande wa pili kupitia magurudumu ya tenda. Ukijaribu kichwa peke yake hakitatikisika, na muuzaji asiyejua atakuuzia kama kibovu. (Ukiwa upande wa mnunuzi, amua na dhamira yako.) Kizungushe pande zote mbili kwa kubadilisha nyaya. Mlio wa tiki-tiki unaofuata mzunguko wa gurudumu ni gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli. Cheche nyingi na harufu ya kuungua ni kaboni zilizokwisha au uchafu wa mafuta kwenye komyuteta, pale kaboni zinapogusa mota, kazi ndogo kwa fundi redio mwenye mkono mwepesi. Mota ya zamani inayozunguka polepole na kupata moto haraka mara nyingi sumaku yake imechoka.

Tairi za mpira kwenye magurudumu ya kuvutia zikikauka na kupasuka, kichwa huteleza bila kuvuta mabehewa. Usikate bei kubwa kwa hilo, ni kipuri cha bei rahisi. Lakini utakiagiza nje kwa posta ileile, hivyo agiza pamoja na vitu vingine.

Reli zina jaribio lake: sumaku. Reli za chuma hunasa, na kwa hewa ya chumvi ya hapa hushika kutu hadi kwenye viungio. Reli za nikeli-silva hazinasi, zikifubaa unazisugua kwa kifutio zinarudi. Seti yenye reli za chuma zenye kutu, hesabu reli kuwa sifuri. Kwa jumla, kwenye seti ya kawaida ya Hornby, yaani kichwa, mabehewa matatu, duara la reli na kidhibiti, kichwa ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya thamani. Reli na kidhibiti cha zamani vina bei ndogo kiasi kwamba naviona kama nyongeza.

Boksi ni habari nyingine. Mkusanyaji hulipia boksi, trei ya ndani, karatasi za maelekezo na kale kapakiti ka vipambo vya kubandika mwenyewe. Boksi likiwa halipo nakata karibu theluthi ya bei ya katikati. Likiwepo lakini lina ukungu au lebo imebanduka, nakata kidogo zaidi ya sehemu ya kumi. Hivyo ni vipimo vyangu, wengine hukata zaidi. Fungua boksi hata kama muuzaji anakwambia "Mpwa, kipya hicho, hakijaguswa". Sponji iliyo ndani huoza kwa joto, ikageuka unga wa kunata na kushikana na rangi ya modeli. Kisichoguswa kwa miaka 20 Dar kinaweza kuwa kibaya kuliko kilichochezewa kila wiki. Mzee akikataa kufungua, mwambie kwa upole, "Shikamoo mzee, naomba tukifungue pamoja, nikiona kizima naongeza." Akikataa tena, aga.

Umri nao hauleti bei wenyewe. Märklin 3000, kile kichwa kidogo cha H0, yaani cha kipimo cha 1:87, kilitengenezwa kwa miongo na kwa wingi mkubwa, ndiyo maana kipo tele na bei yake iko chini ingawa kinaonekana cha kale. Hali kadhalika maneno "toleo maalumu" na cheti chenye namba. Cheti kinakwambia vilitengenezwa vingapi, hakikwambii wangapi wanakitaka. Na kiwanda kikitoa modeli ileile upya kwa kalibu mpya yenye vipambo bora zaidi, toleo la zamani hushuka bei palepale. Kabla ya kununua modeli ya kisasa kwa bei ya juu, pitia matangazo ya matoleo mapya ya viwanda.

Umeme upite haraka lakini usiusahau. Vifaa vya Uingereza vinafanya kazi hapa bila shida, volti 230 na plagi ya pini tatu za mraba. Transfoma ya Lionel ya Marekani ni ya volti 120, ya Kato iliyonunuliwa Japani ni ya volti 100. Ukizichomeka ukutani bila kishusha umeme zinaungua. Kishusha umeme ni gharama, kitoe kwenye bei.

Turudi kwenye ile hesabu ambayo skrini haikupi. Bei ya Dar ina dari na sakafu. Dari ni kiasi ambacho kingekufikia ukikiagiza mwenyewe. Chukua ile pauni 71, weka usafirishaji wa mfano wa pauni 25, unapata 96. Tukichukulia ushuru wa forodha wa asilimia 25 kwa mfano, ni 24, jumla 120. VAT ya asilimia 18 juu yake ni 21.6, unafika karibu 142, kabla ya tozo ndogo ndogo za forodha, ikiwemo ya maendeleo ya reli. Ndiyo, hata treni ya mezani inachangia reli ya kweli.

Sakafu ni kile ambacho muuzaji angebaki nacho akikiuza nje: 71, toa posta ya 25, toa ada za mauzo tuseme 10, anabaki na 36. Muuzaji wa Dar atakuanzishia kwenye dari, "Kaka, ukiagiza na ushuru wake itakufikia bei gani?", na hoja yake si ya uongo. Lakini ushuru ule asingeuweka mfukoni yeye, na mlango wake mwingine unampa 36. Kwa hiyo mimi siendi juu ya bei iliyouzwa, ile 71, hata kwa kitu kizima chenye boksi. Naanzia karibu na 45, napanda kwa kadiri ukaguzi unavyoruhusu. Kwa mgeni wa Masaki au Oysterbay anayehama nchi na kontena limejaa, sakafu hushuka zaidi, hasa kwa seti nzito zenye reli na transfoma, kwa sababu uzito ndio unaomlipisha.

Mwisho, kwa wanaozunguka Kariakoo au kwenye midoli ya mtumba pale Karume: treni ya plastiki yenye betri ndani ya kichwa, magurudumu ya plastiki na hakuna kipimo kilichoandikwa popote, kama 1:76 au 1:87, ni mdoli. Nunulia mtoto, haimo kwenye hesabu hii. Lakini kwenye marundo ya mtumba huchanganyika mabehewa halisi yasiyo na boksi. Geuza chini usome jina la kiwanda, angalia kama ekseli ni za chuma, na kama kulabu za pande zote mbili zipo. Behewa moja moja bila boksi halina soko kubwa hata Uingereza, hivyo ukitajiwa zaidi ya bei ya mdoli wa kawaida, rudisha kwenye rundo uendelee kuchambua.