Inasema imeunganishwa, kumbe imekufa: uzoefu wangu na zana ya utatuzi

Nimeipa nyota mbili, na hata hizo mbili zimenitoka kwa shida. Sielezi inavyosakinishwa wala toleo gani la mfumo inalotaka. Hayo kila mtu anaweza kuyasoma mwenyewe. Nina jambo moja tu: zana inayokwambia "Imeunganishwa" wakati haijaunganishwa ni afadhali usiwe nayo kabisa.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Seva unayoendeshea programu wakati unaitengeneza hutangaza kila inachofanya: ujenzi (kazi ya kugeuza msimbo kuwa programu) umeanza, ujenzi umekamilika, ujenzi umeshindwa, programu iliyoko kwenye simu imeandika hili na lile. Zana hii inafungua websoketi, yaani njia ya mawasiliano inayobaki wazi muda wote, kwenye seva hiyo, inapokea matukio hayo moja moja yakiwa vipande vidogo vya JSON (maandishi yenye mpangilio ambao programu huusoma kwa urahisi), kisha inayapanga kwenye dirisha lake. Inajinadi kwamba ukishakuwa nayo huna haja tena ya kuikodolea macho terminali, lile dirisha la maandishi ambamo seva huandika taarifa zake. Ndiyo ahadi yao, imeandikwa kwa herufi kubwa.

Sasa sikilizeni. Seva yangu ilikuwa inaendeshwa kwenye kompyuta nyingine ya mtandao uleule, mimi natumia laptopu. Kompyuta ile ikaganda, ikazimwa kwa nguvu, ikawashwa tena na seva ikarudi kazini kama kawaida. Kwenye dirisha la zana hakuna kilichobadilika: kidoti cha kijani, neno "Imeunganishwa", na tukio la mwisho linasema ujenzi umekamilika. Nabadilisha msimbo, nahifadhi, simu haionyeshi mabadiliko. Nabadilisha tena, vilevile. Nikaishuku akiba ya faili za muda, nikaifuta yote. Nikaishuku simu, nikaizima na kuiwasha. Nikafumua sehemu ya msimbo iliyokuwa nzima kabisa na kuiandika upya, kwa sababu zana iliniambia ujenzi uko salama, kwa hiyo tatizo lazima liwe ndani ya msimbo. Mchana mzima ukaenda hivyo. Nilipokwenda kuitazama terminali ya kompyuta ile nikakuta skrini nyekundu tupu: ujenzi ulikuwa unashindwa kila nilipohifadhi, eti kwa sababu faili moja haionekani mahali pake. Marekebisho yake ni mstari mmoja!

Sikutaka kumsingizia mtu, kwa hiyo nilihakikisha. Nilifungua konsoli ya kivinjari kwenye laptopu ileile, nikaandika mstari mmoja wa kufungua websoketi kwa anwani ileile. Matukio yakaanza kumiminika papo hapo. Seva haina kasoro, mtandao hauna kasoro. Aliyekufa ni zana, na hajijui.

Sababu yake inajulikana na yeyote aliyewahi kuandika kitu cha aina hii. Zana hii husikiliza tu, haitumi chochote. Upande wa pili ukianguka bila kuaga, mpokeaji asiyetuma kitu hapati habari. Anabaki kama mtu aliyeshika simu sikioni ilhali mwenzake alishakata. TCP, kanuni ya mtandao inayoubeba muunganisho huu, ina njia yake ya kupima uhai wa muunganisho, lakini programu lazima iiombe, na kwenye Linux, usipobadilisha mipangilio, kipimo hicho husubiri saa 2 za ukimya kabla ya kuanza. Ndiyo maana waliotunga kanuni ya websoketi, RFC 6455 ya mwaka 2011, waliweka humo fremu za ping na pong, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?" na jibu lake "nipo". Unatuma ping, usipopata pong ndani ya muda fulani unajua mambo yameharibika, unafunga na kuunganisha upya. Ni kweli kwamba JavaScript ndani ya kivinjari haina njia ya kutuma ping yenyewe, lakini zana hii si ukurasa wa kivinjari, ni programu inayojitegemea. Hakuna kilichowazuia. Nilinasa pakiti za mtandao kuangalia: kutoka upande wa zana hakikutoka kitu, si ping, si chochote.

Nikaandika ripoti. Niliiandika kwa adabu, nikaambatisha pakiti nilizonasa, nikaeleza hatua za kulirudia tatizo, nikapendekeza na dawa. Jibu lilikuja upesi: mtandao wako mbovu, hili halituhusu. Ripoti ikafungwa. Mtumiaji mwingine akaja akasema naye limempata, akauliza kwa upole kama wanaweza kulitazama upya. Mjadala ukafungwa kabisa, hakuna anayeweza kuandika tena. Hapo ndipo damu ilinichemka. Hitilafu ninaisamehe, programu zote zina hitilafu. Lakini mtu amekuletea ushahidi mkononi, wewe unamfungia mlango usoni? Hata kusoma hukusoma, maana ungesoma ungeona kwamba mtandao haukuwa na shida.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ikiwa hai, zana hii ni raha. Kosa la ujenzi linafika na jina la faili na namba ya mstari, unabofya, kihariri kinafunguka palepale. Unaweza kufungua madirisha kadhaa kwenye seva moja na yote yakapata habari ileile kwa wakati mmoja. Na walifikiria usalama: seva yao hukagua kichwa cha Origin, kinachotaja tovuti ambako ombi limetoka, kabla ya kukubali muunganisho, jambo ambalo wengi hulisahau, wakati si kila kivinjari huzuia ukurasa wa tovuti yoyote kufungua websoketi hadi kwenye kompyuta yako. Nilipokuwa naandika aya hii nilifikiria kuongeza nyota ya tatu.

Kisha nikakumbuka linalotokea ukiiunganisha upya kwa mkono. Dirisha linarudi tupu. Yote yaliyotokea muunganisho ukiwa umekatika yamepotea, na hakuna dalili kwamba kuna kitu kimepotea. Njia nyingine ya kusukuma matukio kutoka seva hadi kivinjari, ile ya EventSource, imelitatua hili zamani: kivinjari hujiunganisha chenyewe na kutuma Last-Event-ID, kitambulisho cha tukio la mwisho kilichopokea, ili seva iendelee pale ilipoishia. Websoketi haikupi hilo bure, na ninaelewa kwa nini waliichagua, kwa sababu zana ikikamilika inapaswa pia kutuma amri kurudi kwenye seva, mfano kupakia programu upya. Sawa. Basi lipeni kila tukio namba ya mfuatano, seva itunze matukio ya karibuni, anayerudi aseme ameishia namba ngapi. Kazi hiyo haihitaji timu wala miezi.

Toleo jipya limetoka karibuni, maelezo yake yanasema wameboresha muunganisho. Nikalisakinisha kwa matumaini, nikauchomoa waya wa mtandao wa kompyuta yenye seva. "Imeunganishwa." Nikaenda kula, nikarudi. "Imeunganishwa."

Siku hizi naitumia pamoja na skripti fupi niliyoandika mwenyewe, inayotuma ping kila baada ya sekunde 15 na kupiga kelele pong isiporudi. Kama seva na zana viko kwenye kompyuta moja, isakinishe, mara nyingi haitakusumbua, maana hapo seva ikifa mfumo wenyewe huufunga muunganisho na zana inapata habari. Kama seva yako iko mbali, usithubutu, au angalau usiifiche terminali. Zile nyota mbili za juu nimerudi kuzipunguza, sasa ni moja. Moja imeondoka kwa ajili ya yule aliyefunga ripoti, na siku ripoti ikifunguliwa naye akaisoma, nitairudisha siku hiyohiyo.