Jenereta ya sola yenye betri ya LiFePO4: uzoefu wangu

Kabla ya kuuliza wati, uliza ndani mna betri gani. Neno "lithiamu" kwenye boksi halitoshi, kwa sababu hizo ni betri za aina nyingi. Mimi nilichukua jenereta ya sola, yaani boksi la betri linalochajiwa kwa jua, inayohifadhi umeme wa wati-saa 1,024 na yenye betri ya lithiamu chuma fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4 au LFP, na ningeichukua tena leo.

Kilichoniamulia ni umri wake. Betri za lithiamu za aina nyingine, zile za nikeli, manganizi na kobalti, kwa kawaida huahidiwa mizunguko 500 hadi 1,000 ya kuchaji kabla uwezo haujashuka hadi asilimia 80. Yangu imeandikiwa 3,000. Anayeimaliza na kuijaza kila siku ana miaka minane mbele yake, na hata hapo betri haifi, inapungua tu. Ila muuzaji akikutajia mizunguko bila kusema uwezo utakaobaki ni asilimia ngapi, mbane akujibu.

Nimewahi kutumia pia betri za risasi na asidi. Zile ukizoea kuzishusha chini ya nusu unazifupishia maisha, kwa hiyo unalipia mzigo wote ukitumia nusu. Hii naitumia karibu yote bila wasiwasi. Hesabu tu kwamba inveta, kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, nayo inakula: kwenye soketi mimi napata kama wati-saa 870.

Jambo moja linawachanganya wengi. Seli ya LFP hukaa karibu na volti 3.2 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kisha inaporomoka ghafla mwishoni. Ni sifa nzuri, maana umeme unatoka kwa nguvu ileile, lakini volti isiposogea, chombo hakiwezi kuitegemea kujua kilichobaki. Kinahesabu umeme unaoingia na kutoka, na makosa madogo hujikusanya. Ndiyo maana kila baada ya muda naijaza hadi asilimia 100, hesabu ijirekebishe. Usipofanya hivyo, kioo kinaweza kusema imebaki asilimia 20 na mashine ikazima.

Usalama ndio unaonipa usingizi, kwa kuwa inalala ndani ya nyumba. Fosfeti hushikilia oksijeni yake kwa nguvu, hivyo seli haiwaki kirahisi ikipata joto kali. Haina maana kwamba haiwezi kuungua kabisa. Saketi ya ulinzi, BMS, ni ya lazima.

Uzito ndio kasoro yake kubwa. Kwa wati-saa zilezile, LFP ni nzito kuliko ya nikeli, na kuipandisha ngazi si mchezo. Halafu baridi: chini ya nyuzi 0 za Selsiasi usiichaji, labda iwe na kipasha joto ndani, la sivyo lithiamu hujenga utando kwenye elektrodi na betri inaharibika moja kwa moja. Kama unatafuta ya kubeba mgongoni safarini, tafuta nyingine. Ya kukaa nyumbani na kufanya kazi kila siku, chukua hii.