GOV.UK: nimeipitia tovuti ya serikali ambayo jibu linatangulia

Wakuu habarini. Leo sirivyuu simu wala mgahawa, narivyuu tovuti, tena ya serikali, tena siyo yetu, GOV.UK ya Uingereza. Najua kuna atakayesema inatuhusu nini, inatuhusu bwana, maana Mtanzania au Mkenya anayetaka kwenda kule hata kama ni kumsalimia dada yake kwa wiki mbili lazima aombe viza na maombi yanaanzia humo humo, na bado kuna watu kibao wanawapa vishoka hela wauziwe maelezo ambayo yapo pale bure kabisa. Halafu mimi naandika maudhui ya websaiti za watu ndio kazi yangu, kwa hiyo naiangalia pia kwa jicho la fundi.

Anza na ukurasa wao wa sikukuu, gov.uk/bank-holidays. Ukiufungua tu, kitu cha kwanza kwenye boksi kubwa ni sikukuu inayofuata na tarehe yake. Basi. Hakuna "karibu sana kwenye tovuti yetu", hakuna picha ya mtu kavaa suti. Ukishuka ndio unakuta orodha ya mwaka mzima, nayo imetenganishwa England na Wales, Scotland, na Ireland ya Kaskazini, kwa sababu hawa jamaa hawapumziki siku moja, Scotland wana tarehe 2 Januari, Ireland ya Kaskazini wana 17 Machi na 12 Julai. Unataka ziingie kwenye kalenda ya simu, linki ipo. Na siku ya sikukuu yenyewe ukurasa unapambwa vibendera juu, kautundu ka waliojenga, nimekapenda sana.

Mtu atasema ah, tarehe tu hizo. Sawa, ila jiulize ni tovuti ngapi za taasisi huku kwetu unaingia ukijua kabisa kitu unachotaka kimo mle na hukioni. Unapokelewa na picha za semina zinapishana, salamu za mkuu wa taasisi, dira na dhamira, tangazo jekundu linatembea, na fomu unayoitaka iko ndani ya Machapisho, halafu Nyaraka, halafu Nyaraka Nyinginezo, ukiipata ni PDF iliyoskaniwa imelala ubavu. Na ili ufike hapo inabidi ujue kwanza ni kurugenzi gani inahusika! Mwananchi wa kawaida kurugenzi ataijulia wapi? Yeye anajua anataka leseni.

Hii ndio nguvu kubwa ya GOV.UK kwa maoni yangu, haikuulizi unamtafuta nani, inakuuliza unataka nini. Ukienda Kariakoo kutafuta vitenge unaulizia vitenge, huhitaji kujua jina la mwenye duka. Humo ndani kulipia kodi ya gari, kusajili kifo, kuomba pasipoti, vyote vimepangwa kwa jina la shughuli, wizara inayohusika utaijua baadaye au usiijue kabisa.

Na hawakuzaliwa hivyo. Walikuwa na utitiri wa tovuti kila idara na yake, mpaka mwaka 2010 Martha Lane Fox, mjasiriamali wa mtandao aliyekuwa anaishauri serikali, akawaandikia ripoti ya kuwaambia waache kutia viraka, wajenge kitu kimoja. Timu ikaundwa 2011, GOV.UK ikafunguliwa rasmi tarehe 17 Oktoba 2012 ikachukua nafasi ya Directgov (tovuti ya zamani ya wananchi) na Business Link (ya wafanyabiashara), na hadi 2014 inaisha taasisi zaidi ya 300 zilikuwa zimehamishiwa humo. Mwaka 2013 ikabeba tuzo ya ubunifu wa mwaka ya Design Museum ya London, na ukiiangalia huoni wamepewa kwa lipi, maana ni maandishi tu na linki za bluu. Herufi zenyewe zinatokana na zile za vibao vya barabarani vya Uingereza, kazi ya Jock Kinneir na Margaret Calvert, na huyo Calvert alishiriki pia kutengeneza hilo toleo jipya linalotumika humo. Mimi naona ndio maana inasomeka hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Na kwa kuwa haijajazwa mapicha, hailambi bando.

Sasa tuje kwenye viza. Kuna gov.uk/check-uk-visa, hapa ndio wamenikamata. Badala ya kukumwagia aina zote za viza uchague mwenyewe, wanakuuliza maswali, moja kila ukurasa. Una pasipoti ya nchi gani, unaenda kufanya nini, kama ni kusoma utasoma kwa muda gani, halafu unapewa jibu LAKO na linki ya kuendelea. Ukiangukia ile viza ya kawaida ya mgeni, mwongozo wake una yaliyomo juu kabisa na unakuta bila kuhangaika kwamba kwa kawaida unakaa hadi miezi 6, kwamba unaruhusiwa kuomba mapema kabisa miezi 3 kabla ya safari, na majibu huwa yanatoka ndani ya wiki 3 hivi baada ya kumaliza taratibu zote. Haya ndio maswali ambayo vishoka wanakaa kuyajibu kwa bei. Kuna na toleo la kuprinti mwongozo wote kwa pamoja, la maana sana kama unamsaidia mzee asiye na simu janja.

Kitu kingine, hutakuta ule ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Mwongozo wao kwa waandishi unaukataza kabisa, hoja yao ni kwamba kama watu wanauliza hivyo mara kwa mara basi jibu liwekwe kwenye ukurasa husika, lisifichwe kwenye kapu. Nakubaliana nao asilimia zote, na najua wateja wangu watanuna.

Ila tusiwapambe kupitiliza. Ukitoka kwenye njia kuu, yaani mambo yanayotafutwa na wengi, unaingia kwenye stoo. Mwongozo wa nyaraka za kuambatanisha uko kwenye ukurasa wake, kanuni za uhamiaji zenyewe ziko kwingine tena kwa lugha ya kisheria iliyonyooka kama nondo, na mtu mwenye kesi yenye kona kona atafungua kurasa mpaka achanganyikiwe ipi inasema nini. Sehemu ya kutafuta nayo, ukiandika neno moja tu kama "visa" unaletewa kila kitu, miongozo, takwimu, taarifa kwa vyombo vya habari. Vichujio vipo lakini inabidi ujue unatafuta hati ya aina gani, tumerudi kule kule kwenye kurugenzi. Na ukifika hatua ya alama za vidole unahamishiwa kwenye tovuti ya kampuni waliyoipa kazi hiyo, sura nyingine, mpangilio mwingine, ule utulivu wote unaishia hapo. Lugha kwa sehemu kubwa ni Kiingereza, na baadhi ya kurasa zina Kiwelisi, ingawa Kiingereza chenyewe ni chepesi, mtu wa fomu foo anaenda nacho vizuri tu.

Kwa anayetafuta jibu la haraka naipa 9 kati ya 10. Kwa mwenye kesi ngumu naipa 6, na hapo akaongee na mwanasheria wa kweli, siyo kishoka. Mbinu ninayotumia mimi, sianzii kwenye sehemu yao ya kutafuta, naandika Google maneno matatu manne pamoja na gov.uk, naingia moja kwa moja ukurasa ninaoutaka. Hakikisha tu anwani pale juu, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza ukiacha ile ya https://, ni gov.uk yenyewe au inaishia na .gov.uk nukta ikiwemo, siyo gov-uk kistari nini sijui, maana hizo za kuigiza zipo na zinapokea kadi vizuri tu.