Albamu za picha kwa nyumba za Unguja na Pemba: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Adui mkubwa wa picha visiwani kwetu ni unyevu. Ukifika mwezi wa Aprili, masika yamekaza, kabati lililosogezwa ukutani kwenye nyumba ya mawe hunuka uvundo hata kama paa halivuji, kwa sababu kuta za chokaa na matumbawe hupandisha maji kutoka ardhini. Picha ya karatasi nayo ina tabaka la juu la jelatini. Jelatini ikipata unyevu huvimba, hulainika, na hunata kwenye chochote kinachoigusa. Baada ya hapo ni zamu ya kuvu, na mende pia huipenda. Kwa hiyo unapokwenda Darajani au Chake Chake kutafuta albamu, jalada la maua ya dhahabu lisikushughulishe. Fungua kurasa ujiulize: picha nikiitia humu, baada ya miaka ishirini nitaweza kuitoa ikiwa nzima? Mimi nimezipanga kwa swali hilo.

Ya kwanza ni albamu ya vifuko vya polipropilini. Kila picha ina kifuko chake, inaingia na kutoka bila kuguswa na gundi, na plastiki yenyewe ni tulivu, haitoi mvuke wala mafuta. Tatizo ni kwamba dukani vifuko hivi hukaa pamoja na vya PVC, aina nyingine ya plastiki, na kwa macho huwezi kuvitenganisha. PVC ndiyo ya kuikimbia. Hulainishwa kwa kemikali ambazo hutoka polepole na kuipata picha, na ikichakaa hutoa asidi ya haidrokloriki. Inuse: ina ile harufu kali ya pazia jipya la bafuni. Kisha tafuta pembetatu ya mishale nyuma ya jalada au kwenye kifungashio. Namba 5 ndani yake ni polipropilini, namba 3 ni PVC.

Ikiwa hakuna alama, nunua albamu moja tu kwanza. Ukifika nyumbani kata kipande kidogo cha ukingo wa kifuko, kitie kwenye gilasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ukizamishe kwa kijiko hadi chini, ukiachie. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, itapanda juu. PVC itabaki chini. (Poliesta nayo huzama na ni salama kabisa, ila hiyo ni ghali na muuzaji hataacha kukutajia.) Sabuni usiiache, maana bila yake viputo vya hewa hushika kipande na kukupa jibu la uongo.

Vifuko vingi ni vya picha za inchi 4 kwa 6. Za zamani zilizo ndogo zaidi huteleza humo na kukunjika pembe, kwa hiyo zipachike kwanza kwenye kadi nzuri. Angalia pia pete: hewa yetu ya chumvi hula chuma chembamba upesi, na kutu ikiingia kwenye ukurasa haitoki. Albamu iliyoshonwa kwa uzi ni bora.

Ya pili ni ya kurasa za karatasi nene, ambayo mtu hupachika picha mwenyewe na kuandika. Kwa harusi, kwa mtoto aliyemaliza skuli, kwa safari ya Hija, hii naipenda kuliko zote, kwani hupokea pia kadi ya mwaliko, barua na maneno ya bibi yako kuhusu nani ni nani. Ninaiweka ya pili kwa sababu inadai uangalifu. Manila za rangi za dukani si za kazi hii. Karatasi nyingi za bei nafuu zina lignini, kile kitu cha mti kinachoifanya karatasi iwe njano na kukatika, na rangi yake ikipata unyevu huhamia kwenye picha. Tafuta kurasa zilizoandikwa “acid free” na “lignin free”. Maneno hayo mtengenezaji yeyote anaweza kuyachapisha, kwa hiyo ukiona kwamba bidhaa imefaulu mtihani wa PAT, yaani kipimo cha ISO 18916, hapo una sababu ya kutulia: mtihani huo huangalia hasa kama karatasi, gundi au plastiki itaidhuru picha.

Za kupachikia ni pembe za picha, vile vifuko vidogo vya pembe tatu. Gundi yake hushika ukurasa, picha haiguswi, na siku ukitaka kuichomoa unainua pembe moja tu. Selotepu, gundi ya viatu na pini za stepla zikae mbali kabisa. Kipande cha gazeti kina asidi nyingi, na tiketi zilizotoka kwenye mashine ya risiti hufifia zenyewe, basi vitolee kopi kwenye karatasi nzuri ubandike kopi. Kati ya kurasa mbili zinazotazamana weka karatasi nyembamba isiyo na asidi ili picha zisigusane uso kwa uso wakati wa mvua.

Ya tatu ni kasha lenye bahasha, kwa picha za zamani zisizo na kipimo kimoja. Familia nyingi za mjini zina picha nyeusi na nyeupe kutoka studio kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Sura za picha hizo zimeundwa kwa chembe za fedha, yale madini ya vito, na mpira wa manoti uliozifunga una salfa inayoyaharibu. Ufungue leo hii. Nunua kasha la polipropilini lenye mfuniko unaobana, lifunge siku kavu ya kipupwe au kaskazi, utie vifuko vya silika, zile punje za kunyonya unyevu, vilivyokaushwa. Vile unavyovikuta kwenye kiboksi cha viatu kwa kawaida vimeshashiba maji.

Kitabu cha picha kilichochapishwa ni cha nne. Kinapendeza, kigawie ndugu, lakini ni nakala tu.

Ya mwisho, na ninaomba usiinunue hata kwa bei ya kutupa, ni albamu ya gundi: unainua karatasi ya plastiki, unaweka picha juu ya mistari inayonata, unafunika. Miaka ikipita mistari ile huwa ya kahawia na kujichora hadi usoni mwa picha, na picha inaganda. Ikiwa nyumbani ipo na imejaa, usizivute picha wala usizipashe moto. Kwanza piga picha ya kila ukurasa kwa simu ukiwa kivulini penye mwanga mzuri. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe nyuma ya picha kuanzia pembeni, uusogeze huku na huko taratibu hadi gundi iachie. Isiyoachia, kata ukurasa kuizunguka uihifadhi hivyo hivyo.

Albamu yoyote utakayoichagua iweke wima kwenye rafu ya ukuta wa ndani, iwe mbali na sakafu na mbali na dari la bati. Masika yakiisha ifungue siku nzima chumbani penye upepo, jua lisiifikie.