Swahilipot Hub Mombasa: uzoefu wangu kama mtu wa mashairi

Miaka na miaka hapa Mombasa ukitaka kusoma shairi mbele za watu ni harusini ama hotelini, na hoteli nishasomea moja huko pwani ya kaskazini wakaniambia nifupishe manake wageni hawaelewi Kiswahili, hela yenyewe nkaipata baada ya kupiga simu mpaka nkachoka. Ndio maana Swahilipot naipenda mpaka basi.

Iko Mji wa Kale, karibu kabisa na Fort Jesus, ilianza 2016 na sio biashara ya mtu, ni foundesheni ya kulea vijana wa sanaa na wa teknolojia, hata redio wanayo, Swahilipot FM. Lakini utamu wenyewe kwangu ni ule ukumbi wa wazi, ngazi za kukalia na bahari hapo hapo. Kusi ikivuma maiki nayo yavuma na karatasi zaruka, kwa hivyo shairi lihifadhi kichwani, nakwambia kweli.

Kuna siku kijana mmoja alisoma shairi, mizani nane kwa nane, yaani silabi nane kila nusu ya mshororo, vina vimetulia, watu wakapiga makofi akashuka zake. Kumbe mzee mmoja wa kofia muda wote alikuwa akihesabu kwa vidole, akamwita, "Mwanangu, ubeti wa tatu, mshororo wa pili, ukwapi una saba," yaani nusu ya pili ya mshororo ina silabi saba badala ya nane. Yule kijana akakaa chini pale pale, "Nirejelee baba," wakalitafuta neno pamoja mpaka likaenea, na dogo wa rap aliyekuwa akingoja zamu yake nae akaanza kuhesabu vidole! Yaani nlisikia raha sana. Huu si ndio mji wa malenga Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu 1840, mashairi yake ya siasa, mapenzi, njaa, watu wakijibizana kwayo, sasa sisi twayaweka kwa vitabu vya mtihani tu kwa nini?

Ukiwa na picha ama vitabu wataka kuuza basi usiende na hesabu za duka, nenda kwa ajili ya watu. Na wenye wazee wanaojua bahari za ushairi, yaani aina zake, tafadhalini waleteni, vijana tuko tele, wa kutukosoa ndio hawatoshi. Wa Likoni mkishuka feri chukueni tuktuk mwambieni Fort Jesus, hapo ulizeni yoyote atawaonyesha.