Kusaka mlio wa B.B. King: pesa ianze kwa amplifaya, Lucille asubiri

Kila anayetamani kupiga gitaa kama B.B. King, nguli wa bluzi wa Marekani, huanza kwa kuulizia bei ya Lucille, gitaa lake. Simlaumu. Hadithi yenyewe ni tamu: mwaka 1949, katika kimji cha Twist, Arkansas, wanaume wawili walipigana ukumbini, wakaliangusha pipa la mafuta lililowashwa ili kuwapasha watu joto, jengo likashika moto, na King akarudi ndani kuliokoa gitaa lake. Baadaye akaambiwa kwamba mwanamke aliyegombewa alikuwa akifanya kazi humo na jina lake ni Lucille. Akalipa gitaa jina hilo.

Ila wengi husahau kwamba Lucille hakuwa mmoja. Gitaa likiibwa au likichakaa, lililofuata lilirithi jina, na mlio ukabaki uleule. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba siri haikai ndani ya mbao, na ndiyo maana katika orodha yangu gitaa halikushika namba moja.

Kwanza: amplifaya

Mlio wa King ni safi lakini mnene. Noti moja inatoka, inakaa hewani, inatetemeka, inakufa polepole bila kukwaruza. Ili hilo litokee, amplifaya inahitaji akiba ya nguvu: iwe na uwezo mkubwa kuliko unaoutumia. Ukiikamua hadi mwisho, sauti huanza kuchanika. Wapiga bluzi wengine wanautafuta mchaniko huo kwa udi na uvumba, lakini King hakuutaka mwingi.

Wanaoapa kwamba bluzi ni amplifaya za valvu tu, zile zenye mirija ya kioo ya kizamani, watashangaa kusikia kwamba kwa miaka mingi amplifaya aliyoipenda ilikuwa Lab Series L5, mashine ya transista yenye wati 100 na spika mbili za inchi 12. Haitengenezwi tena. Ukiikuta kwa mtu, ikague kama unavyokagua gari kuukuu, na uwe na fundi wako.

Kati ya zinazouzwa mpya, ningezipanga hivi. Kwa anayepigia nyumbani, Boss Katana 50 ndiyo ya kwanza. Chaneli yake safi inatosha, na ina swichi ya kushusha nguvu hadi nusu wati, kwa hiyo jirani hatagonga mlango. Ya pili ni Roland JC-40, na kwa anayepanda jukwaani hii ndiyo ya kwanza: ni transista, safi kama maji ya mtungi. Baadhi ya watu huiona baridi. Punguza trebo (sauti kali za juu), ongeza sauti za kati, baridi itapungua. Ya tatu ni Fender Twin Reverb, ambayo King naye aliitumia. Ina valvu, wati 85, na inapendeza kweli. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu inakaribia kilo 30, na kwa sebuleni hutaipandisha kupita namba 2 kwenye kitufe chake cha sauti. Utakuwa umenunua lori la kwendea sokoni kuchukua nyanya.

Amplifaya ndogo za valvu kama Fender Blues Junior, wati 15, ni nzuri kwa bluzi ya aina nyingine. Zinachanika mapema mno kwa kazi hii.

Pili: gitaa

Unachotafuta ni pikapu za hambaka (pikapu ya gitaa ni kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, siyo gari la kubebea saruji). Hambaka ina koili mbili zinazoua kelele ya umeme na kutoa sauti nene. Ukiipata kwenye gitaa lenye mwili wa nusu wazi, lenye gogo la mbao katikati, umekaribia sana.

Chaguo langu ni Epiphone ES-335. Ni ya ukoo uleule wa Gibson ES-355 aliyoipiga King, bila mapambo na bila bei yake. Kama una gitaa la aina ya Les Paul lenye hambaka mbili, usinunue jingine. Utakosa pumzi kidogo ya ule mwili wazi, lakini wasikilizaji hawatakudai.

Lucille lenyewe, toleo ambalo Gibson ilianza kulitoa mwaka 1980, naliweka la tatu. Tofauti yake kubwa ni kwamba halina mashimo ya umbo la f kifuani. King alichoshwa na gitaa lililopiga yowe kila amplifaya ilipopandishwa, na kabla ya hapo alikuwa akisokomeza vitambaa ndani. Kama hupigi karibu na amplifaya inayonguruma, unalipia dawa ya ugonjwa usio nao. Lina pia kitufe cha Varitone chenye nafasi sita za kuchuja sauti. Nafasi ya kwanza ni ya kutochuja chochote, na wengi huishia kukiacha hapo.

La mwisho ni Stratocaster, gitaa zuri kwa kazi nyingine. Kama ndilo ulilo nalo, tumia pikapu ya shingoni na ushushe toni hadi 5 au 6.

Tatu: nyuzi

Hapa kuna imani ya ajabu kwamba bluzi inataka nyuzi nene zinazochana vidole. Seti iliyouzwa kwa jina la King inaanzia unene wa 10 na kuishia 54 (kwa elfu za inchi): nyembamba kwa noti za juu ili zivutike, nene kwa besi. Billy Gibbons, mpiga gitaa wa bendi ya ZZ Top, amesimulia kwamba King alilishika gitaa lake lenye nyuzi nzito na kumuuliza kwa nini anajitesa. Gibbons akahamia nyembamba.

Pedali

Hakuna. Mimi nilianza na pedali ya kuchafua sauti, nikaimiliki miezi mitatu, nikaiuza kwa hasara. Ukihitaji kitu, mwangwi mdogo uliomo ndani ya amplifaya unatosha.

Vibrato, yaani ule mtetemo wa noti, hutaikuta dukani. King alikuwa akijaribu kuiga chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi cha binamu yake, Bukka White, akashindwa, akabaki akikitikisa kidole mpaka kikawa na mlio wake.

Siku ya kununua, chagua pikapu zote mbili kwa pamoja na uzime vikorombwezo vyote. Nenda uzi wa pili kutoka ule mwembamba kabisa, freti ya 10 (freti ni vile vyuma vya shingoni), hiyo ni noti ya A. Ipige mara moja, itikise, usikilize inavyokufa. Kisha freti ya 12 ya uzi huohuo, uvute hadi ipande toni nzima. Rudia hivyo kwa kila amplifaya iliyopo. Muuzaji atakuona mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mwache, na wewe endelea hadi uipate amplifaya yenye noti inayokaa.